Kiti cha Bodi ya Shule na Lugha ya Mtoto: Kampeni ya José Ángel Gutiérrez katika Crystal City, Texas, 1970

Ikisiri

Makala hii inachunguza kampeni ya uchaguzi wa bodi ya shule iliyofanyika mwanzoni mwa mwaka 1970 katika Crystal City, mji mdogo wa wakulima na vibarua kusini mwa jimbo la Texas, Marekani. Katika uchaguzi huo José Ángel Gutiérrez na wenzake wawili, Arturo Gonzales na Miguel Pérez, walishinda viti vitatu na kubadili uongozi wa shule za mji huo. Makala inajenga hoja kwamba kampeni hiyo ilifanikiwa kwa kuwa iligeuza adhabu ya lugha, iliyokuwa aibu ya mtoto mmojammoja, kuwa jambo la hadhara linaloweza kupigiwa kura. Mambo matatu yanachambuliwa: kalenda ya uandikishaji wa wapiga kura, lugha ya kampeni yenyewe, na hesabu ya kura ndani ya bodi. Mwishoni, makala inaonesha mipaka ya ushindi huo na inatafakari somo lake kwa mijadala ya lugha ya kufundishia katika Afrika Mashariki na Kati.

1.0 Utangulizi

Historia za lugha ya kufundishia aghalabu huanzia juu: katika katiba, sheria, tamko la waziri au mtaala wa taifa. Katika ukanda wetu mwelekeo huo una sababu zake. Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kwamba elimu ya msingi itolewe kwa Kiswahili, Uganda ilipoanzisha mwaka 2007 mtaala wa mada unaotumia lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya mwanzo, na Rwanda ilipoelekea Kiingereza mwaka 2008, uamuzi ulitoka makao makuu ya serikali. Mzazi wa kijijini alipokea habari, hakuulizwa. Kamati ya shule yake iliweza kujadili uzio, choo na chakula cha mchana, lakini lugha ya darasani ilikwisha kuamuliwa kwingine.

Marekani ina utaratibu tofauti. Huko, shule za umma za msingi na sekondari huendeshwa na wilaya za shule, na kila wilaya husimamiwa na bodi ambayo, katika majimbo mengi, wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na wakazi wa eneo hilo. Bodi huajiri msimamizi mkuu wa shule na walimu, hupitisha bajeti, na huwa na sauti kubwa katika yale yanayofundishwa. Mjumbe wa bodi huko Texas halipwi mshahara. Kwa sababu hiyo kiti chake huonekana kidogo, na wanahistoria wa siasa hukiruka wakikimbilia magavana na marais. Hata hivyo, kwa mtafiti wa lugha, kiti hicho ni mahali adimu ambapo sera ya lugha na kura ya mzazi hukutana ana kwa ana.

Crystal City inafaa kuchunguzwa kwa sababu huko makutano hayo yalionekana waziwazi. Katika makala hii, Wamarekani wenye asili ya Meksiko wanaitwa Wachicano, jina walilojichagulia vijana wa harakati za wakati huo. Wazungu wasemao Kiingereza wanaitwa Waanglo, kama wanavyoitwa kwa kawaida huko Texas.

2.0 Mji wa Mboga na Watu Wake

Crystal City ni makao makuu ya Kaunti ya Zavala, kusini-magharibi mwa San Antonio, katika eneo ambalo wakulima hulisifu kwa mboga zinazostawi hata wakati wa baridi. Zao lililoupa mji jina ni spinachi. Mwaka 1937 wakazi walisimamisha sanamu ya Popeye, baharia wa vibonzo anayepata nguvu kwa kula spinachi, na mji ukajitangaza kuwa mji mkuu wa zao hilo duniani. Katikati ya miaka ya 1940 kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha kusindika mboga za makopo, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Del Monte.

Wachicano walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya wakazi. Wengi wao walikuwa vibarua. Baada ya mavuno ya majira ya baridi, familia nzima zilipanda malori na magari kuelekea majimbo ya kaskazini kupalilia na kuvuna viazisukari, matango na matunda, kisha zikarudi wakati wa vuli. Watoto waliondoka kabla ya muhula kwisha na kurudi baada ya masomo kuanza. Waanglo walikuwa wachache, lakini ndio waliomiliki sehemu kubwa ya mashamba na biashara, na ndio walioongoza mji, kaunti na shule.

Wingi wa watu haukugeuka kuwa wingi wa kura kwa sababu za kisheria na za kiuchumi. Hadi katikati ya miaka ya 1960 Texas ilitoza kodi ya kura, na kwa kibarua wa shambani kuilipa kulimaanisha kutoa sehemu ya chakula cha watoto. Hata hivyo, mwaka 1963 vyama vya wafanyakazi wa kiwandani na wanaharakati wa kisiasa waliwahimiza Wachicano kulipa kodi hiyo, na wagombea watano wa Kichicano wakanyakua viti vyote vitano vya baraza la mji. Juan Cornejo, kiongozi wa wafanyakazi, akawa meya. Miongoni mwa vijana waliohutubia mikutano ya mwaka huo alikuwamo Gutiérrez, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1944, mtoto wa daktari aliyefariki mwanawe akiwa bado mdogo.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1965 muungano wa Waanglo na Wachicano wa tabaka la kati uliwaondoa madiwani wale watano. Somo lilibaki: asili ya mgombea peke yake haikutosha kumpa ushindi wala kuulinda. Tena, baraza la mji la 1963 halikuwa na mamlaka juu ya shule, na shuleni ndiko kila familia ilikokuwa na jeraha lake.

3.0 Sheria ya Lugha na Adhabu ya Lugha

Mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Texas ilitunga sheria iliyoagiza kwamba shule za umma zifundishe kwa Kiingereza pekee, isipokuwa katika vipindi vya lugha za kigeni. Mwalimu aliyekiuka agizo hilo alihesabiwa kuwa ametenda kosa. Sheria ilimlenga mwalimu, lakini desturi za shule ziliigeuza ikamwangukia mtoto. Katika shule nyingi za kusini mwa jimbo, mwanafunzi aliyesikika akisema Kihispania darasani, au hata uwanjani wakati wa mapumziko, alichapwa, alibakizwa baada ya masomo au alitozwa faini. Desemba 1968, Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilifanya kikao huko San Antonio na kusikiliza ushahidi wa adhabu hizo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Ngũgĩ wa Thiong’o amesimulia jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa na hata kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikuyu shuleni. Umbali kati ya Limuru na Crystal City ni mkubwa, lakini adhabu ilifanya kazi ileile: ilimfundisha mtoto kwamba lugha ya mama yake ni kosa, na ilimfanya mama anyamaze mbele ya mwalimu.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, sheria zilianza kulegea. Mwaka 1968 ilitiwa saini Sheria ya Elimu ya Lugha Mbili ya Marekani, iliyosukumwa na Seneta Ralph Yarborough wa Texas mwenyewe, na fedha za shirikisho zikaanza kutolewa kwa wilaya za shule zilizotaka kuandaa mipango ya aina hiyo. Mwaka 1969 bunge la Texas liliondoa katazo la 1918 na kuruhusu ufundishaji wa lugha mbili. Neno lenye uzito hapa ni kuruhusu. Wilaya ya shule haikulazimishwa. Wajibu wa kisheria ulikuja baadaye, mwaka 1973. Kwa hiyo, kati ya 1969 na 1973, swali la iwapo mtoto wa Crystal City angefundishwa kwa lugha aliyoijua lilikuwa mikononi mwa bodi ya shule ya mji wake. Kama bodi haikutaka, sheria mpya ilikuwa karatasi tu.

4.0 Kutoka Uwanja wa Michezo hadi Mgomo

Moto haukuwashwa na mjadala wa mtaala. Uliwashwa na jambo ambalo mtu wa mbali angeliona dogo: uteuzi wa wasichana wa kuongoza ushangiliaji wa timu ya shule. Katika shule ya sekondari ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa Wachicano, jopo la walimu lilichagua Waanglo watatu na Mchicano mmoja, kama ilivyokuwa mazoea. Wanafunzi walilalamika katika majira ya kuchipua ya 1969. Katika vuli likazuka jingine: chama cha waliowahi kusoma shuleni hapo kilitaka msichana atakayeshindania taji la malkia wa sherehe awe na angalau mzazi mmoja aliyehitimu shule hiyo. Kwa kuwa wazazi wengi wa Kichicano waliacha masomo mapema kwa sababu ya kazi za mashamba, sharti hilo liliwafungia mlango binti zao bila kutaja asili yao popote.

Wanafunzi, wakiongozwa na vijana kama Severita Lara, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa mji huo, waliandika madai yao. Hayakuishia kwenye ushangiliaji. Walitaka ruhusa ya kusema Kihispania, elimu ya lugha mbili, historia ya watu wao katika masomo, na walimu na washauri wanaoielewa jamii yao. Bodi ilipokataa kuwasikiliza, walitoka madarasani tarehe 9 Desemba 1969. Kabla ya likizo ya Krismasi wanafunzi waliogoma walikuwa zaidi ya 1,000, wakiwamo wa shule ya msingi.

Nyuma yao walikuwapo watu wazima waliojua hesabu. Gutiérrez, aliyekwisha kupata shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa huko San Antonio na aliyekuwa mmoja wa waasisi watano wa jumuiya ya vijana ya MAYO mwaka 1967, alirudi kwao katikati ya 1969 pamoja na mkewe, Luz, akiwa na mpango wa kuwaandaa Wachicano kushika uongozi wa kaunti ambako walikuwa wengi. Ruzuku ya jimbo kwa shule ilikokotolewa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku. Kiti kitupu darasani kilikuwa pengo katika bajeti ya bodi. Wakati wa likizo walimu wa kujitolea waliwafundisha wagomaji ili wasiachwe nyuma, na wanafunzi watatu walisafiri hadi Washington, ambako walionana na Seneta Yarborough. Wasuluhishi wa Wizara ya Sheria walifika, na mwanzoni mwa Januari 1970 bodi ilikubali sehemu kubwa ya madai.

Hapo ndipo swali la kweli lilipojitokeza. Ahadi imetolewa na bodi ileile iliyokataa kusikiliza mwezi mmoja kabla. Nani ataitekeleza?

5.0 Kampeni: Kalenda, Lugha na Hesabu

Viti vitatu kati ya saba vya bodi vilikuwa vinagombewa tarehe 4 Aprili 1970. Gutiérrez aliomba kimoja. Pamoja naye walisimama Arturo Gonzales, mfanyakazi wa kituo cha mafuta, na Miguel Pérez, mwenye ukumbi wa dansi. Uteuzi huo ulikuwa na maana yake. Bodi za shule zilizoeleka kujazwa na wenye mashamba, wenye maduka na wataalamu. Mgombea msomi alijiweka safu moja na watu ambao mpiga kura alikutana nao akijaza mafuta au Jumamosi usiku kwenye muziki.

5.1 Kalenda

Kodi ya kura ilipofutwa, Texas iliweka sharti jingine: kila mpiga kura ajiandikishe upya kila mwaka, na dirisha lifungwe tarehe 31 Januari. Utaratibu huo ulibatilishwa na mahakama mwaka 1971, lakini mwaka 1970 ulikuwa bado na nguvu. Kwa vibarua waliorudi kutoka kaskazini wakati wa vuli wakiwa wamechoka, tarehe hiyo ilipita kila mwaka bila kelele.

Safari hii haikupita kimya. Mgomo ulianza Desemba na kumalizika Januari, yaani ndani ya dirisha la uandikishaji. Wazazi walikuwa tayari wanakutana kwa ajili ya watoto wao. Waliokuja kusikia habari za mgomo waliweza kuhimizwa kujiandikisha. Tarehe 17 Januari 1970 wanaharakati walikutana mjini na kuasisi chama cha La Raza Unida. Uchaguzi wa bodi ya shule haukuendeshwa kwa majina ya vyama, hivyo watatu hao waligombea kama watu binafsi, lakini nguvu iliyowasukuma ilikuwa moja. Aidha, mwezi wa Aprili uliwasaidia, kwa kuwa familia nyingi zilikuwa bado hazijafunga safari ya kaskazini. Uchaguzi huohuo ungefanyika Juni, wingi wa Wachicano ungekuwa kwenye mashamba ya mbali.

5.2 Lugha

Jambo la pili, na ndilo linalomhusu zaidi mtafiti wa lugha, ni kwamba kampeni ilifanywa kwa Kihispania. Hili linaonekana la kawaida hadi mtu akumbuke mazingira yake. Karatasi za kura zilikuwa za Kiingereza. Sheria ya Texas haikumruhusu mpiga kura asiyejua kusoma asaidiwe kituoni, isipokuwa awe na ulemavu wa mwili; kizuizi hicho kilibatilishwa na mahakama ya shirikisho katika kesi ya Garza dhidi ya Smith. Ulinzi wa wapiga kura wa lugha za wachache haukuingizwa katika Sheria ya Haki za Kupiga Kura hadi mwaka 1975. Mikutano rasmi ya bodi, barua za shule na taarifa za maendeleo ya wanafunzi, vyote vilikuwa vya Kiingereza.

Kwa hiyo, mgombea aliposimama mbele ya wazazi akaeleza kwa Kihispania bajeti ya shule ni nini, msimamizi mkuu anaajiriwaje na mjumbe wa bodi ana uwezo gani, alikuwa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa anaomba kura, na alikuwa anaitoa lugha hiyo jikoni na shambani na kuiingiza katika eneo la utawala. Mzazi aliyeambiwa miaka yote kwamba lugha yake haifai kwa mambo ya shule alisikia mambo ya shule yakijadiliwa kwa lugha hiyo, na akaelewa. Katika maana hiyo, elimu ya lugha mbili ilianza kabla ya kupitishwa na bodi. Ilianza kwenye mikutano, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu wazima.

Kazi ya nyumba kwa nyumba ilibebwa kwa sehemu kubwa na wanawake. Luz Gutiérrez aliongoza chama katika kaunti, na Virginia Múzquiz, aliyewahi kugombea ubunge wa jimbo, alizifahamu vyema taratibu za uchaguzi. Jumuiya ya Ciudadanos Unidos, iliyokuwa mhimili wa harakati, ilianza kama baraza la wanaume. Wanawake walidai nafasi yao na kuipata. Hilo si jambo la pembeni. Katika jamii ambamo mama ndiye aliyempokea mtoto aliyechapwa kwa sababu ya lugha, mama ndiye aliyekuwa shahidi mkuu wa kampeni.

Lugha pia ilikuwa silaha ya upande wa pili. Aprili 1969, katika mkutano na waandishi wa habari huko San Antonio, Gutiérrez alitumia maneno makali dhidi ya “gringo”, akimaanisha, kama alivyofafanua, mfumo na mtazamo wa ubaguzi. Wapinzani walimnukuu kwa maana ya moja kwa moja, na Mbunge Henry B. González, mwenyewe mwenye asili ya Meksiko, alimshutumu hadharani kama mchochezi wa chuki. Shutuma hizo zilimfuata katika siasa zake zote. Mgombea aliyeshinda kwa kuwa alijua kuongea na wazazi alilipa gharama ya maneno yake mbele ya hadhira nyingine.

5.3 Hesabu

Tarehe 4 Aprili wagombea wote watatu walishinda. Siku tatu baadaye harakati zilipata pia viti viwili katika baraza la mji. Hata hivyo, bodi yenye wajumbe saba haiongozwi na kura tatu. Ilihitajika ya nne, nayo ilitoka kwa mjumbe wa Kichicano aliyekuwamo tayari katika bodi, mtu ambaye hakuingia humo kwa nguvu za harakati. Alipoamua kupiga kura pamoja na wapya, kura zikawa nne kwa tatu, na Gutiérrez akachaguliwa kuwa mwenyekiti.

Historia za kishujaa huiruka hatua hii kwa kuwa haina shangwe. Lakini bila kura ile moja, ushindi wa Aprili ungekuwa wa kelele tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha bodi hii kilijazwa na kura ambayo kampeni haikuihesabia sandukuni.

6.0 Bodi Mpya na Darasa Jipya

Uongozi mpya ulifanya haraka. Mpango wa elimu ya lugha mbili ulianzishwa katika madarasa ya chini kwa msaada wa fedha za shirikisho. Walimu wa Kichicano waliajiriwa, na watu wa jamii wakapewa kazi za kuwasaidia walimu darasani. Historia na utamaduni wa Meksiko na wa Wachicano wenyewe viliingia katika masomo. Angel Noe González, mwenyeji wa eneo hilo, akawa msimamizi mkuu wa shule wa kwanza mwenye asili ya Meksiko.

Mabadiliko hayo yalionesha jambo ambalo sera za kitaifa husahau. Kutangaza lugha ya kufundishia ni rahisi. Kumpata mwalimu anayeweza kufundisha hisabati kwa lugha hiyo ni kazi nyingine. Wachicano wengi waliosomea ualimu Texas walikuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kihispania chao kilikuwa cha nyumbani, chenye ladha yake na maneno yake ya mpakani, na hakikuwa na istilahi za darasani. Vitabu vilivyoagizwa kutoka nchi nyingine havikulingana na usemi wa mtoto wa Zavala. Bodi iliyokuwa imeshinda kwa jina la lugha ililazimika kukabili swali ambalo wanaisimu wa Kiswahili wanalijua vizuri: ni lahaja ipi, kwa istilahi zipi, na kwa mwalimu yupi?

7.0 Mipaka ya Ushindi

Itakuwa kosa kuihitimisha simulizi hii kwa vifijo. Familia nyingi za Waanglo ziliwahamisha watoto wao kwenda shule za binafsi au za wilaya jirani, na baadhi ya walimu wakaondoka. Shule zilipata wenye lugha, zikapoteza sehemu ya wenye mali. Utegemezi wa fedha za shirikisho ulikuwa mkubwa, na fedha hizo hazikutoka kwa wapiga kura wa Crystal City.

Mpasuko wa ndani ulikuwa mbaya zaidi. Chama kilichozaliwa mjini humo kilienea Texas nzima, na mwaka 1972 mgombea wake wa ugavana, Ramsey Muñiz, alipata zaidi ya asilimia 6 ya kura. Lakini nyumbani ajira za shule zilikuwa miongoni mwa ajira bora katika mji maskini, na aliyekaa katika bodi aliamua nani azipate. Kufikia 1975 waliokuwa wandani waligawanyika makundi, wakishindania kiti kilekile walichokipigania pamoja. Gutiérrez, aliyechaguliwa kuwa jaji wa kaunti mwaka 1974, wadhifa ambao huko Texas una kazi nyingi za kiutawala, alijiuzulu mwaka 1981 na kuondoka. Mamlaka yaliyoifanya bodi kuwa chombo cha kurekebisha lugha ndiyo yaliyoifanya kuwa chombo cha kugawa riziki. Haikuwezekana kupewa moja bila jingine.

Pamoja na hayo, jambo moja halikurudishwa nyuma. Hakuna bodi iliyofuata, ya upande wowote, iliyoweza kurejesha adhabu ya kusema Kihispania. Makundi yaligombana juu ya nani aajiriwe na nani afukuzwe, lakini mtoto hakuchapwa tena kwa sababu ya lugha ya mama yake.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kampeni ya Crystal City haikushinda kwa wingi wa watu pekee, kwa kuwa wingi huo ulikuwapo kwa miaka mingi bila kufua dafu shuleni. Ilishinda kwa kuzioanisha kalenda ya mgomo na kalenda ya uandikishaji, kwa kuzungumza mambo ya utawala kwa lugha ya wapiga kura, na kwa kuipata kura ya nne baada ya uchaguzi kwisha. Katika mambo hayo matatu, la lugha ndilo lililoyabeba mengine: mzazi asiyeelewa bodi inafanya nini hana sababu ya kujiandikisha, wala hawezi kumdai mjumbe aliyeingia.

Kwa nchi za ukanda wetu, ulinganisho una mipaka yake. Lugha ya kufundishia haitaamuliwa na kila kata peke yake katika nchi ambamo kata moja ina lugha tano, na wala haielekei kwamba itafaa kuamuliwa hivyo. Kiswahili chenyewe kimekua kwa sababu serikali zilikichukua kama lugha ya kuunganisha. Lakini sera inayotoka juu hutekelezwa chini, na huko chini mna kamati za shule. Katika kamati ngapi mambo ya bajeti, walimu na mitihani huelezwa kwa lugha ambayo mzazi aliyeketi benchi la nyuma anaweza kuitumia kuuliza swali? Wanaopigania Kiswahili na lugha za wenyeji katika madarasa wamezoea kupeleka hoja zao wizarani. Crystal City inawaelekeza pia kwenye chumba kidogo chenye meza moja na viti saba, mahali ambapo lugha ya mtoto huweza kutetewa, au kusahauliwa, jioni moja ya kikao cha kawaida.